Kioo na Mkeka

Mgeni apitaye jioni katika barabara za Ngamiani, zile zilizopewa nambari badala ya majina, hachelewi kukaribishwa barazani. Atapewa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, na kabla kikombe hakijakauka atakuwa ameshaulizwa jina lake, atokako, mtoto wa nani, na kwao hasa ni wapi. Hapana aonaye ubaya. Mtaa wenyewe umejengwa na watu waliotoka kwingine: Wadigo na Wasegeju wa ukanda wa bahari, Wabondei, Wazigua na Wasambaa wa bara ya karibu, kisha wale walioletwa na reli, ambayo ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, na wale walioletwa na mashamba ya mkonge kutoka mbali, Wanyamwezi, Wamanyema, Waha, Wamakonde. Hata jina la mtaa lamtaja mnyama asiyeonekana tena hapo. Mahali kama hapo, kumuuliza mtu asili yake ni namna ya kumtafutia pa kukaa. Kuuliza si ujinga, wasema wahenga, na Ngamiani wangeweza kuongeza kwamba kutouliza ndiko kukosa adabu.

Lakini swali hilohilo, likiondolewa barazani na kuwekwa mahali pengine, laweza kugeuka tusi. Mwaka 2013 Makumbusho ya Kiyahudi ya Berlin, yaliyofunguliwa mwaka 2001 katika jengo lililobuniwa na Daniel Libeskind, yaliandaa maonyesho yaliyopewa jina lenye maana ya "Ukweli Wote". Maonyesho hayo yalikusanya maswali ambayo watu huyauliza, au huyanong'ona, kuhusu Wayahudi: nani ni Myahudi, mtu huwaje Myahudi, je, yafaa kuwafanyia mzaha, na kwa nini wanachukiwa. Miongoni mwa vitu vilivyopangwa palikuwapo kiti kilichozungushiwa kioo pande tatu, upande wa mbele ukiachwa wazi. Alasiri, kwa muda wa saa mbili hivi, aliketi humo Myahudi mmoja akingoja kuulizwa lolote. Chini yake paliandikwa swali: je, bado kuna Wayahudi Ujerumani?

Mzozo ulizuka mara moja. Magazeti yakaupa mpango huo jina la kejeli, "Myahudi sandukuni". Stephan Kramer, aliyekuwa katibu mkuu wa Baraza Kuu la Wayahudi wa Ujerumani, aliukataa kwa maneno makali. Wengine wakakumbusha kwamba sanduku la kioo lililojulikana zaidi katika historia ya watu hao lilikuwa lile la Jerusalem mwaka 1961, na aliyeketi ndani yake hakuwa Myahudi bali Adolf Eichmann, mmoja wa wauaji wao, akihukumiwa. Kumtia Myahudi mahali penye sura ileile, katika mji uleule ambako maangamizi yao yalipangwa, kulionekana kuwa ama upofu ama ufidhuli.

Wenye makumbusho nao hawakukosa hoja. Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi takriban nusu milioni. Baada ya mauaji na uhamisho wakabaki wachache, na hata walipoongezeka tena katika miaka ya 1990, Wajerumani wengi waliendelea kuishi umri mzima bila kuzungumza na Myahudi hata mmoja. Walimjua vitabuni na katika makaburi. Kwa hiyo, wakasema, Myahudi tayari yumo katika kioo cha mawazo ya watu. Maonyesho hayakumtia humo, yalikionyesha tu kioo kilichokuwapo. Tena walioketi walijitolea wenyewe, wakajibu walivyotaka, na muda ukiisha wakaenda zao. Baadhi yao walisema kwamba waliyoyapitia pale hayakuwa mageni: kila siku, katika karamu na kazini, waligeuzwa wasemaji wa taifa zima punde tu walipojulikana ni nani.

Msomaji wa mwambao aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na mizimu yao. Sivyo. Berlin ina deni la kioo kwa watu wa pwani hii pia, na deni hilo ni la zamani zaidi. Kuanzia Mei hadi Oktoba 1896, katika bustani ya Treptow, yalifanyika Maonyesho ya Kwanza ya Kikoloni ya Ujerumani. Waliletwa watu zaidi ya mia moja kutoka Togo, Kamerun, Afrika ya Kusini Magharibi, Guinea Mpya na Afrika ya Mashariki, wakiwamo Waswahili na Wamasai. Walijengewa vijiji vya kuigiza, wakatakiwa kupika, kucheza na kuishi mbele ya macho ya malaki ya watazamaji waliolipa kiingilio. Ilikuwa miaka saba tu tangu majeshi ya Hermann Wissmann yaliposhambulia Pangani na Tanga mwezi Julai 1889, na tangu Abushiri bin Salim aliponyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Walioteka mji walitaka sasa watu wa mji watazamwe.

Mtaalamu mmoja, Felix von Luschan, alikuja na vipimo vyake kupima vichwa na miili ya wageni hao na kuwapiga picha. Alikutana na jambo lililomkera: baadhi yao walitaka kupigwa picha wakiwa wamevaa mavazi ya Kizungu, si kama washenzi. Kwake yeye hilo liliharibu elimu. Kwao wao ilikuwa ni kusema, "Ukitaka kuniandika, niandike nijionavyo." Na husimuliwa habari ya Kwelle Ndumbe wa Kamerun, ambaye, alipochoka kutazamwa, alijinunulia miwani ya kutazamia michezo ya jukwaani, akaanza kuwatazama watazamaji.

Kitendo hicho kidogo chastahili kufikiriwa kuliko hotuba nyingi. Ndumbe hakuvunja uzio wala hakuwatukana waliokuja. Alifanya jambo lilelile walilolifanya wao, na kwa kulifanya tu akalifichua. Macho ambayo yalikuwa yakienda upande mmoja yakaanza kwenda pande mbili, na papo hapo ikadhihirika kwamba starehe yote ya maonyesho ilisimama juu ya sharti moja lisilotamkwa: mwenye kutazamwa asitazame. Serikali ya Ujerumani ilikataza mwaka 1901 watu wa makoloni yake kupelekwa nje kwa maonyesho kama hayo. Wengi wameona kwamba iliogopa zaidi waliyoyaona Waafrika huko Ulaya kuliko ilivyoona haya juu ya waliyotendewa.

Hapo ndipo swali la kimaadili linapoanza kuwa gumu. Wengi watasema tofauti baina ya 1896 na 2013 ni ridhaa: hawa walijitolea, wale walidanganywa au kununuliwa. Ridhaa ni jambo kubwa, lakini haitoshi. Historia ya Mswahili mmoja wa Berlin yaonyesha kwa nini. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa jeshi la Wajerumani, na mwenyewe akatumika katika jeshi hilo akiwa bado mtoto katika vita vilivyoanza 1914. Alifika Berlin mwaka 1929 na kuidai serikali mshahara wa vita ambao yeye na babake hawakulipwa. Akaambiwa amechelewa. Akabaki, akawa mtumishi wa mezani katika nyumba ya starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu. Alishiriki pia katika Deutsche Afrika-Schau, maonyesho ya Waafrika yaliyozungushwa katika miji ya Ujerumani miaka ya 1930 na kufungwa 1940. Mwaka 1941 alionekana katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule yule aliyeanza kuinyakua nchi yake.

Je, aliridhia? Hapana shaka alitia sahihi na kupokea ujira. Lakini mtu ambaye milango yote imefungwa isipokuwa mmoja, akiingia katika huo mmoja, hawezi kusemwa kwamba ameuchagua. Aliuza sura ya askari mtiifu kwa sababu hiyo tu ndiyo iliyokuwa na mnunuzi. Na siku alipotaka kuwa zaidi ya sura hiyo, kuwa mwanamume mwenye mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, alikamatwa kwa kosa la kuchafua damu. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Itikadi iliyomwua ndiyo iliyowaua Wayahudi kwa mamilioni. Sheria zilizowekwa kwa ajili yao ndizo zilizomfikia yeye. Mtu wa mwambao asemaye kwamba habari za Wayahudi hazimhusu, na amkumbuke Mahjub.

Ikiwa ridhaa peke yake haitoshi, basi kipimo ni kipi? Wapenzi wa ushairi hawahitaji kukitafuta mbali. Katika desturi ya kujibizana kwa mashairi, anayetoa fumbo au shutuma hujifunga. Akiuliza kwa mizani kumi na sita, aweza kujibiwa kwa mizani kumi na sita. Akichagua vina, mwenziwe ana haki ya kuvichukua na kumrudishia. Ndivyo walivyofanyiana washairi wa Mombasa na Lamu katika zama za Muyaka bin Haji, na ndivyo walivyofanyiana wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, wakirushiana maswali kutoka mji hadi mji. Mshairi ajuaye kwamba jibu laja, na laja kwa silaha ileile, hupima neno lake kabla ya kulitoa. Hofu hiyo njema ndiyo adabu ya malumbano. Haimzuii mtu kuuliza. Humzuia kuuliza kama asiyeweza kuulizwa.

Na barazani Ngamiani ni vivyo hivyo. Mwenyeji amuulizaye mgeni ametandika mkeka mmoja naye. Mgeni akishasema yeye ni mtoto wa nani, ana haki ya kugeuka na kusema, "Na wewe je, bwana?" Na mwenyeji atajibu, pengine kwa urefu kuliko ilivyotakiwa. Kwa hiyo kasoro ya sanduku la Berlin haikuwa kioo chenyewe. Kasoro ilikuwa kwamba maswali yote yalikuwa yamekusanywa upande mmoja. Mgeni wa makumbusho aliweza kumuuliza Myahudi kwa nini watu wake wanachukiwa, kisha akaenda kunywa chai bila yeye kuulizwa babu yake alikuwa wapi mwaka 1942. Baadhi ya walioketi humo waliligeuza jambo hilo kwa werevu wao, wakawauliza wageni maswali. Lakini walifanya hivyo kwa kipaji chao. Mpango haukuwadai wageni jibu lolote.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo, pwani ikajipongeza kwa mkeka wake. Insafu haikubali. Mkeka nao una historia, na si yote ya kupendeza. Ipo methali isemwayo kila siku: mwacha asili ni mtumwa. Hutumiwa kuwaonya vijana wasidharau mila. Lakini na isikilizwe na mtu ambaye babu wa babu yake aliletwa katika mashamba ya miwa ya bonde la Pangani kutoka Nyasa au Manyema, akiwa mtoto, jina lake likabadilishwa. Huyo hakuiacha asili; alinyang'anywa. Na kisha lugha ileile iliyompa jina jipya ikamwambia kwamba asiye na asili ni mtumwa, ikamfunga mara ya pili kwa kamba ya kwanza. Karne nzima na zaidi familia nyingi za mwambao zimejibu swali la barazani kwa kubuni, kwa kutaja ukoo uliowapokea, au kwa kunyamaza na kuomba kahawa nyingine. Muulizaji aliyekuwa na shajara ya nasaba hadi Shirazi au Hadhramaut hakupoteza kitu kwa kuulizwa naye. Mwenziwe alipoteza kila kitu.

Basi hata swali linalorudi laweza kuwa dhuluma, ikiwa jibu la mmoja ni fahari na jibu la mwingine ni jeraha. Hapo kipimo cha kwanza hakina budi kuongezewa cha pili: anayeulizwa awe na haki ya kutojibu, na kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa ungamo. Baraza zuri hulijua hilo bila kufundishwa. Mzee mwenye busara, akiona mgeni amesita alipoulizwa kwao, huyageuza mazungumzo kwenye bei ya samaki au mvua za vuli. Hamwachi mtu akatoka jasho mbele ya watu. Staha hiyo ndiyo utu, na ndiyo iliyokosekana Treptow, ambako aliyekataa kupimwa alionekana mkaidi, na aliyevaa koti alionekana mwongo.

Wako watakaouliza: je, kwa masharti kama hayo makumbusho yataweza kuonyesha chochote? Mambo ya watu si vyungu na ngoma pekee. Taifa lisipoonyesha maumivu yake, vijana watayajuaje? Hoja hiyo ina uzito, na nchi hii yenyewe imeonja ugumu wake. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limewekwa katika kioo Kalenga, na Wahehe wenyewe huenda kulitazama kwa heshima. Kioo cha Kalenga na kioo cha ghala la Berlin vyaweza kuwa vya kiwanda kimoja. Tofauti ni kwamba Kalenga waliomzunguka humwita babu, na mtazamaji hujikuta akipimwa na aliyemo ndani: je, wewe ungesimama kama mimi? Berlin fuvu lilikuwa nambari. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya mji huo ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewapata jamaa walio hai Tanzania wa watu watatu ambao mafuvu yao yalihifadhiwa huko tangu ukoloni. Siku nambari inapopata mjukuu, swali la karne nzima, "Huyu ni wa kabila gani?", hupinduka na kuwa, "Ninyi mlimchukua kwa nini?"

Kwa hiyo makumbusho yaweza kuonyesha, maadamu yanamweka mtazamaji naye ndani ya hadithi. Huko huko Treptow, tangu mwaka 2017, makumbusho ya wilaya yana maonyesho ya kudumu juu ya watu wale wa 1896, na jina lake lina maana ya "kutazama nyuma" na pia "kurudisha mtazamo". Badala ya makabila yametangulizwa majina na maisha ya mtu mmoja mmoja. Jina la maonyesho latosha kuwa kiri: aliyefundisha kutazama alikuwa Ndumbe na miwani yake, na mji umechukua miaka mia moja na zaidi kujifunza.

Na ipo alama moja ya Mahjub bin Adam isiyo na kioo kabisa. Mbele ya nyumba nambari 193 katika barabara ya Brunnenstraße, Berlin, liliwekwa mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba nyeupe la kimanjano, upana wake kama kiganja, likiwa na jina lake. Ni moja kati ya mawe ya msanii Gunter Demnig, ambayo sasa yamepita laki moja katika nchi nyingi za Ulaya, na mengi mno ni ya Wayahudi, kila moja mbele ya mlango ambao mtu wake alitolewa. Mawe hayo nayo yana wapinzani. Mji wa München ulikataa yasiwekwe katika ardhi ya umma, na Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa huko aliyeokoka maangamizi, amesema kwamba majina ya waliouawa hayafai kukanyagwa tena. Aliyeponea chupuchupu ana haki ya kusema hivyo, na hakuna wa kumrudi.

Hata hivyo, jiwe lile lina jambo ambalo sanduku halikuwa nalo. Haliwezi kusomwa na mtu aliyesimama wima. Apitaye akitaka kujua aliyekaa pale alikuwa nani, hana budi kusimama, kuinama, na kukaa hivyo hadi amalize maandishi, huku wapita njia wakimtazama yeye. Mtoto wa askari wa Dar es Salaam, aliyetazamwa umri wake wote, ametulia chini na hajibu kitu. Anayeulizwa sasa ni aliyeinama: wewe ni nani, umetoka wapi, na kwenu walifanya nini siku zile. Ni maswali ya Ngamiani. Hakosekani mtu wa kuyajibu kwa ukweli, akipewa nafasi ya kukaa.